Mchezo mpya wa jukwaani: namna ya kuufaidi bila ya kukimbilia ujumbe

Mtu akitoka kuangalia mchezo mpya wa kuigiza, hata viatu hajavua mlangoni, suali la kwanza analoulizwa ni hili: haya, ujumbe wake nini? Na yeye maskini anajikaza, anasema aa, umezungumzia umuhimu wa kuwasomesha watoto wa kike, au umekemea tamaa ya mali, basi, saa nzima na nusu ya watu kutoka jasho stejini imegeuka sentensi moja ambayo angeliweza kuisoma kwenye bango pale Michenzani akiwa ndani ya daladala, bila hata ya kushuka.

Tumezoeshwa hivo na skuli. Fani na maudhui, dhamira, migogoro, falsafa ya mtunzi, na nots za mwalimu zishakupangia kila kitu, kazi yako kukariri tu ukayamwage kwenye mtihani. Kwa mchezo wa miaka hamsini nyuma ambao ushachambuliwa mpaka umekwisha, sawa, utapasi. Lakini mchezo uliotungwa mwaka jana hauna nots, hakuna aliekutangulia kukwambia hichi kina maana gani na kile kina maana gani, na mara nyengine mtunzi mwenyewe bado anabadilisha maneno wiki ya mwisho ya mazoezi. Ukiingia na ile rula ya skuli unatoka mtupu, afu unasema mchezo haueleweki.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Unguja au Pemba anaetaka kufaidi kazi za watunzi wa sasa, awe hajawahi kuangalia hata mmoja au anakwenda kila mara na anarudi na kichwa kizito. Kanuni yangu ni moja, yaliyobaki yote ni kuifafanua: angalia watu wanafanyiana nini pale mbele yako, ujumbe uachie kesho.

Na musinambie hatuna uzoefu. Nendeni harusini, taarabu inapigwa, beti imefika pahala pake, bi mmoja anainuka kwenda kutunza, noti kaishika juu, anapita polepole mbele ya kiti cha mtu fulani wala hamtazami usoni, anarudi tena njia ile ile. Ukumbi mzima ushaelewa nani kaambiwa na kwa kosa gani, hakuna alieuliza ujumbe. Ile ndo kazi yenyewe ya kuangalia mchezo. Kibati cha Pemba nacho ni majibizano ya papo kwa papo juu ya ngoma, maneno yanakwenda mbio na ukisinzia yameshakupita, na beni zetu zilianza kwa kuigiza na kuikejeli bendi ya askari wa mkoloni. Masikio tunayo, tatizo tukiingia ukumbini tunayaacha mlangoni tunaingia na daftari.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kuangalia mchezo wa aina gani

Hapa kwetu mutaona aina tatu, na kila moja ina jicho lake.

Kuna vichekesho. Hivi havina haja ya mwongozo, nenda ukacheke.

Kuna mchezo wa mradi, yani shirika au wizara imetoa pesa, kikundi kimeambiwa tengenezeni kitu cha dakika thalathini kuhusu malaria, au udhalilishaji, au taka za plastiki, na mwisho atatoka mtu kukwambia ufanye nini. Watu wa sanaa wanaidharau hii na mie dharau iyo siiungi mkono moja kwa moja, mana wako waandishi wazuri tu wanaishi kwa pesa hizo. Namna ya kuufaidi ni kuvizia pale mchezo unapolitoroka bango. Mara nyingi ni pahala padogo: mume aliewekwa awe mbaya anaambiwa aseme maneno yake mabaya, lakini mtunzi kampa na sentensi moja ya ukweli ambayo haikuagizwa na mfadhili, na ukumbi mzima unanyamaza. Hapo ushamuona mtunzi, jina lake liandike.

Na kuna mchezo wa mtunzi, alioutunga kwa sababu kitu kinamkera, hakuna aliemuagiza. Hii ndo michache, na ndo naizungumzia zaidi. Unguja ifuatilie Ngome Kongwe, mana lile jukwaa la wazi halitumiki kwa muziki peke yake, fuatilia vyuo, khasa wanafunzi wa Kiswahili na sanaa pale SUZA, na msimu wa ZIFF, tamasha ambalo tangu 1998 ni la filamu lakini hukusanya wasanii wa kila aina, na wasanii wakikusanyika hapakosekani kitu pembeni. Posta nyingi siku hizi zinapita wasap na instagramu siku mbili tatu kabla, kwa iyo mtafute mtu mmoja alie ndani ya kikundi akutie kwenye grupu lao. Pemba ni shida zaidi, nasema kweli, mchezo wa mtunzi unaweza kupita mwaka usiuone, na ndo mana hatua ya kusoma skripti kule chini nimeiandika kwa kuwafikiria watu wa Wete, Chake na Mkoani kwanza.

Hatua ya 2: Kabla ya kwenda

Uliza mambo manne: nani katunga, nani kaongoza, ushawahi kuchezwa au hii ndo mara ya kwanza, na una mapumziko au unakwenda moja kwa moja. Usiulize kisa! Na akitaka kukuhadithia mkimbie. Mchezo mpya una faida moja ambayo mchezo wa zamani hauwezi kukupa tena, nayo ni kwamba hujui nini kitatokea, sasa mbona uitupe bure kwa simu ya dakika mbili.

Jina la mchezo lisome mara mbili, lakini usilifasiri. Liweke tu kichwani. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Unguja, ana mchezo wa 1995 unaoitwa Amezidi, wahusika wake wakubwa wawili mmoja Ame na mwengine Zidi, unaweza kukaa nusu ya mchezo hujaligundua hilo na likikujia unatabasamu peke yako. Watunzi wanapenda kuficha ufunguo kwenye jina.

Mambo ya kawaida sasa. Maonyesho ya usiku mengi huanza baada ya Isha, kwa iyo sali kwanza, usiingie katikati ukawakanyaga watu magoti. Ngome Kongwe unakaa juu ya ngazi za mawe, chukua kanga au mto mdogo, mgongo utakushukuru. Kaa safu za katikati, si mbele kabisa, mana ukiwa mbele sana unaona uso wa muigizaji mmoja na unakosa yule aliesimama pembeni anaskiliza, na mara nyingi yule anaeskiliza ndo mwenye mchezo. Simu zima, wala usirikodi vidio. Ukirikodi unaangalia kioo, na isitoshe mtunzi ambae kazi yake bado mpya hapendi kuiona imekatwakatwa tiktok kabla haijakomaa.

Hatua ya 3: Dakika kumi za mwanzo

Kila mchezo una sheria zake na mtunzi huzionyesha mapema, kimyakimya. Watu wanazungumza kama sisi au wanazungumza kishairi? Wanatuona sisi watazamaji au wanajifanya hatupo? Muigizaji mmoja anacheza mtu mmoja au akivaa kofia anakuwa mtu mwengine? Muda unakwenda mbele tu au unarudi nyuma? Usihukumu bado, kusanya tu. Mtu akitoka nje ya kisa akatusemesha sisi moja kwa moja, iyo nayo sheria, ina maana anaweza kufanya tena, na akiacha ghafla kutusemesha, ujue kuna kitu.

Angalia pia nini kipo stejini tangu mwanzo na hakijaguswa. Kiti kitupu, sanduku, khanga ilioanikwa. Vikundi vyetu havina pesa za mapambo, kwa iyo kitu kilichoburutwa mpaka pale kimeletwa kwa kazi maalum.

Hatua ya 4: Nani anataka nini, kwa nani, na anatumia silaha gani

Hapa ndo nataka tukae sana. Ukisahau yote chukua hili.

Mtu hasimami stejini kwa ajili ya kutoa taarifa. Anasimama kwa sababu kuna kitu anakitaka kwa alie mbele yake, na yule wa mbele hataki kukitoa. Maneno yote ni njia za kukipata. Tuchukue mfano niliouzua mwenyewe. Nyumba ya Mji Mkongwe, mzee kafariki, binti wawili wamebaki, mkubwa kaishi na mzee mpaka mwisho, mdogo karudi kutoka Muscat. Juu ya meza kuna karatasi na vikombe viwili.

RUKIA: Dada, chai inapoa.
BI SALMA: Iache ipoe.
RUKIA: Nimetia iliki, kama alivokuwa akipenda marehemu.
BI SALMA: Marehemu hakuwa akipenda iliki. Akinywa tu, mana ndo iliokuwepo.
(Kimya.)
RUKIA: Yule mtu anakuja saa kumi.
BI SALMA: Mtilie yeye iliki.

Sasa mtu wa fani na maudhui hapa ataandika: wanazungumzia chai. Au atasubiri, mana hakuna alietaja mirathi. Lakini yote yashasemwa. Rukia anataka sahihi ya dada yake kwenye ile karatasi, nyumba iuzwe. Hawezi kuiomba wazi, kwa iyo anaanza na upole, chai, adabu ya mdogo kwa mkubwa, na upole ukikataliwa anamtoa marehemu kama silaha. Na Bi Salma anamnyang'anya ile silaha mkononi kwa sentensi moja: weye hukuwepo, humjui baba, mie ndo niliekuwa nampikia. Kimya pale katikati ni Rukia anatafuta silaha nyengine, na anaipata, saa. Muda. Mnunuzi anakuja. Na "mtilie yeye iliki" ni hapana, lakini hapana ya mtu ambae bado anakaa pale pale mezani, hajainuka, kwa iyo mchezo haujaisha.

Yafanye haya kichwani wakati unaangalia. Kila mtu akifungua mdomo jiulize anataka nini sasa hivi, si maishani mwake, sasa hivi. Akibadilisha njia, ujue ile ya mwanzo imeshindwa. Na ukiona nguvu imehama, yani aliekuwa juu sasa yuko chini, hapo tukio limegeuka, na mtunzi mzuri hugeuza mara nyingi kuliko unavofikiri, hata ndani ya kurasa mbili.

Kwa kipimo hichi hichi utamjua mtunzi alielala. Kisa kile kile kingeandikwa hivi: "Dada yangu Salma, kama unavyojua baba yetu mpendwa alifariki mwaka jana akatuachia nyumba hii, na mimi nimerudi kutoka Muscat nikiwa nataka tuiuze." Nani anazungumza hivo na dada yake? Anasemeshwa mtazamaji, Salma kageuzwa ukuta. Ukikuta hivo mara moja msamehe, ukikuta kila ukurasa basi unaangalia risala imevishwa nguo.

Hatua ya 5: Mchezo ukiwa wa ajabu ajabu

Watu wengi wanaikimbia michezo mipya hapa. Hakuna kisa kinachofuatana, mwisho haufungi, mtu mmoja anazungumza saa nzima peke yake. Kwanza hilo si geni kwa Kiswahili hata kidogo. Ebrahim Hussein kwenye Mashetani, 1971, anatufungulia na Juma na Kitaru wanacheza mchezo wa shetani na binadamu chini ya mbuyu, mchezo ndani ya mchezo, na baadae 1976 katoa Jogoo Kijijini ambao ni wa mtu mmoja na umeandikwa kishairi. Said Ahmed Mohamed katika Amezidi kawatia watu wake pangoni karibu na jaa, na ukitafuta pale tukio kubwa la kukuinua kitini utasubiri sana. Farouk Topan, nae mzaliwa wa hapa hapa Unguja, miaka ya 1970 alitupeleka mpaka ahera katika Aliyeonja Pepo. Wakati yanatoka yote hayo yalikuwa mapya na ya ajabu, leo yanasomeshwa na vijana wanayaona ya kawaida.

Kwa mchezo wa aina hii badilisha suali. Usiulize "nini kitatokea baadae", uliza "nini kinarudi". Neno, wimbo, kitendo cha kufagia, mtu anaepiga hodi hafunguliwi. Kitu kikirudi mara ya tatu hakiko sawa na mara ya kwanza, na tofauti iyo ndo kisa chenyewe. Kuna mchezo wa Inua Ellams, mzaliwa wa Nigeria, Barber Shop Chronicles, uliotoka London 2017, siku moja tu kwa vinyozi wa Lagos, Accra, Kampala, Harare, Johannesburg na London, wanaume wanaingia wanatoka, nywele zinanyolewa, mechi ya mpira inasubiriwa. Ukiuhadithia unakwisha kwa dakika moja. Lakini mazungumzo ya mji huu yanajibiwa na mji ule bila ya wenyewe kujuana, suala la baba linarudi na kurudi, na mtu yeyote aliewahi kukaa kwenye benchi la kinyozi Mwembetanga akisubiri zamu ataelewa mara moja kwa nini mtunzi kapachagua pale, mana mwanamme akishikwa kichwa anasema mambo hayasemi kwengine.

Mwisho ulioachwa wazi: usimkasirikie mtunzi. Jiulize kaacha lipi wazi na lipi kalifunga. Akiacha wazi kila kitu, hapo ndo una haki ya kulalamika.

Hatua ya 6: Mtenganishe mtunzi, muongozaji na muigizaji

Mchezo mpya unauona mara moja kwa mikono ya watu hawa tu, kwa iyo kosa la mmoja anabebeshwa mwengine. Muigizaji anapiga kelele tangu mwanzo mpaka mwisho, watu wanasema mchezo mbaya. Siyo, huenda maneno yaliandikwa yasemwe kwa sauti ya chini. Taa imezimwa katikati ya sentensi, huenda umeme. (Na umeme ukikatika kweli, angalia kikundi kinafanya nini, utajua papo hapo nani anaujua mchezo na nani kaukariri.)

Kipimo changu: likikuvutia jambo, lifikirie likifanywa na waigizaji wengine ukumbi mwengine. Likibaki na nguvu ni la mtunzi. Likipotea, mshukuru muigizaji. Kile kikombe cha Bi Salma, mimi sikuandika popote kama anakigusa. Muongozaji mmoja atamwambia akisukume taratibu mpaka ukingoni mwa meza, mwengine atamwambia anywe yote ikiwa imeshapoa mwisho wa onyesho. Hizo ni tungo mbili tofauti juu ya maneno yale yale.

Hapa niseme na la lafudhi. Vikundi vyetu vikitaka kicheko cha haraka vinamtoa mtu anazungumza Kipemba au Kimakunduchi, na ukumbi mjini unaanguka. Mie nimechoka nalo. Si kwa sababu lafudhi isitumike, itumike sana, lakini angalia anaeizungumza kapewa akili au kapewa mdomo tu. Mtu wa shamba akiwa ndo mwenye neno zito kuliko wote na analisema kwa lahaja yake, hapo mtunzi kafanya kazi. Akiwa ni wa kuchekwa na kuondoka, kafanya uvivu.

Hatua ya 7: Wewe mtazamaji nawe umo

Watazamaji wetu hawanyamazi, na sitaki wanyamazishwe kama msikitini. Kwenye vichekesho na michezo ya mtaani kujibu ndo utamu wenyewe, watoto wanapiga kelele "huyo nyuma yako!" na muigizaji anapata moto. Kwenye mchezo mpya wenye maneno mengi jizuie kidogo tu, subiri, mana ukimjibu muhusika kabla hajamaliza unawakosesha wenzako ile nusu ya pili ya sentensi, na nusu ya pili ndo yenye sumu. Kicheko kikikutoka pahala pasipochekesha usione haya, kiweke, kesho jiulize kimetoka wapi. Saa nyengine watu hucheka kwa sababu wameguswa pahala hawataki kuguswa.

Hatua ya 8: Baada ya mchezo

Usitoe hukumu getini. Kuna ile ya "mzuri lakini mrefu", inasemwa kabla mtu hajafika Forodhani, na ikishasemwa mazungumzo yamekufa. Nendeni mukale urojo kwanza.

Mukikaa, iwe baraza au nyumbani, anzeni kwa kila mtu kutaja kitu kimoja alichokiona kwa macho au kukiskia, bila maoni. "Mie nimeona yule mama hakukaa kitako hata mara moja." "Mie nimeskia jina la mtoto halikutajwa." Mutashangaa, watu watano wamekaa safu moja na kila mmoja kaja na kitu chake, na vikiunganishwa mchezo unaanza kujifungua wenyewe. Baada ya hapo ndo mubishane: nani alitaka nini, alipata, kalipa nini kukipata. Na kama mzee mmoja kitakoni hapo atasema haya lakini ujumbe nini, muachieni, sasa munayo ya kumjibu.

Usiku ule ule andika mistari michache kwenye simu. Tarehe, ukumbi, mtunzi, kitu kimoja unachokikumbuka. Michezo yetu mipya mingi haichapishwi, inachezwa mara mbili tatu na kupotea, na kumbukumbu yako huenda ikawa ndo rikodi pekee iliobaki. Mchezo ukirejewa, nenda tena. Mara ya pili hushughulikii kisa, unaona ujenzi, unaona namna mstari wa mwanzo ulivokuwa umeshabeba wa mwisho.

Hatua ya 9: Soma skripti, tena kwa sauti

Kwa watu wa Pemba, na kwa yeyote aliepitwa na onyesho. Mchezo ni kazi ya mdomo, ukiusoma kimyakimya kama riwaya utakuchosha. Kusanya watu wanne au watano, gaweni wahusika, mmoja asome yale maelezo ya kwenye mabano, simu zisiingie. Someni tangu mwanzo mpaka mwisho bila ya kusimama kuelezana, hata neno likiwa gumu piteni nalo. Penye neno "kimya" nyamazeni kweli, hesabuni polepole mpaka tatu, mana kimya nacho kimeandikwa na mtunzi. Pakiwa na mtoto wa skuli mpeni sehemu kubwa, wanasoma bila ya kuigiza sana na inasaidia.

Skripti za kuchapishwa zianzieni maktaba, ya Maisara kwa Unguja na ya Chake kwa Pemba, na vyuo vinavyosomesha Kiswahili. Zile ambazo hazijachapishwa anazo mtunzi kwenye simu yake, omba. Ukitaka za nje na Kiingereza chako kinatosha, National Theatre ya London tangu 2020 inaweka maonyesho yake mtandaoni kwa malipo, lakini piga hesabu ya bando kwanza, na kuangalia kwenye simu si sawa na kukaa pale mtu anapumua mbele yako.

Hatua ya 10: Kuzungumza na mtunzi

Hapa Zanzibar unaweza kumkuta mtunzi jioni ile ile kasimama mlangoni anakunja mikeka, tumia nafasi iyo. Msalimie kwa heshima yake, maalim, bi, ndugu, vyovote anavoitwa, na usianze na "ungelifanya hivi". Anza na ulichokiona: maalim, pale Rukia aliporudi mara ya pili nimeona hakuvua viatu. Utamuona uso unabadilika, mana kumbe kuna mtu kaangalia. Baada ya hapo muulize alianzia wapi, na hapa wengi wana mambo ya kuhadithia. Lynn Nottage wa Marekani, kwa mfano, alianza na fikra ya kuufanyia kazi upya mchezo mmoja wa Brecht, mtunzi wa Kijerumani, akaenda Uganda kuwaskiza wanawake waliokimbia vita vya Congo, na walivyomhadithia akauacha ule mpango akaandika wake, Ruined, uliochezwa Chicago 2008 na kupata tuzo ya Pulitzer 2009. Suali la "ulianzia wapi" linafungua mlango, suali la "ulikusudia nini" linaufunga, mana unamlazimisha akupe ile sentensi ya bango.

Kama kuna pahala hukupenda mwambie, mtunzi wa kazi mpya anahitaji zaidi hilo kuliko makofi, lakini taja pahala penyewe: pale baba anapozungumza na simu nilipotea, sikujua anazungumza na nani. Hilo anaweza kulirekebisha wiki ijayo. "Haujanigusa" hawezi kulifanyia kitu. Na tiketi lipa, hata kama binamu yako ndo kasimama getini.